Kamba Moja, Lebo Mbili

Buibui alimwaga kamba mpya katikati ya sebule, akasogeza meza kwa mguu ili ipate nafasi, kisha akasimama mikono kiunoni akisubiri kusifiwa. Kamba ilikuwa ya njano yenye mistari miwili myeusi, na kwenye ncha yake bado ilikuwa na lebo ya Swala. Waliompa jina la Buibui hawakutia chumvi. Kazi yake ilikuwa kuning'inia kwenye majengo marefu na kuosha vioo, na mwajiri wake alikuwa amewaambia tangu mwanzo kwamba kila mtu ajinunulie kamba, maana roho ni ya mwenyewe.

"Haya mke wangu, kagua," alisema. "Swala, kama ulivyosema. Na siyo mimi peke yangu. Nahodha kanunua, na wale wenzetu wawili wamenunua. Nimewaambia waache kumnenepesha mwenye duka kwa kununua Tai. Mke wangu yuko kiwandani, anaziona zote zinatoka kwenye mashine moja, hii inavishwa lebo ya Tai, hii inavishwa ya Swala. Kamba ni ile ile."

Mkewe alitabasamu. Kiwandani na mtaani walimwita Mashoto, kwa sababu tangu utoto hakuna alichokifanya kwa mkono wa kulia, na hata viboko vya shule havikumbadilisha. Maneno aliyoyasema mumewe yalikuwa yake kabisa. Aliyatoa siku moja wakiwa mezani, kwa ile raha ya mtu anayejua siri ya wakubwa, ingawa wafanyakazi wote wa kiwanda walikuwa wametia sahihi kwamba hawatasema nje ni nani anamtengenezea nani. Buibui aliyabeba maneno yale hadi kazini na kuyagawa bure, naye Mashoto hakukasirika. Mtu huona fahari neno lake likitembea.

"Vitu vya rahisi mimi hunitia wasiwasi," alisema wifi yake, ambaye alikuwa kwenye kochi akichambua mboga. Alikuja kukaa nao siku chache, na hakuna aliyekumbuka siku hizo ziliisha lini. "Kama ni ile ile, mwenye duka mjinga aiuze nusu bei?"

"Wifi, bei ni ya lebo tu," Mashoto alimjibu, akachuchumaa.

Aliishika kamba bila hata kuwaza, akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kama alivyozoea kufanya kazini. Ilikuwa laini, imekazwa vizuri. Akaivuta, akaivuta, na ghafla kidole kikagota kwenye kijivimbe kidogo ambacho mtu mwingine angekipita asijue. Akakigeuza kwenye mwanga.

Kamba za aina ile huwa na kiini cha nyuzi nyeupe ndani, na juu yake ganda la rangi linalosukwa kwa mashine. Uzi wa ganda unapokwisha kwenye bobini, kile kijiti unakozungushiwa, mwendesha mashine huunga mwingine haraka na kuuficha mkia wake chini ya msuko. Wenzake wote kiwandani walilaza mkia ule kulia. Yeye peke yake aliulaza kushoto, jambo ambalo lilikuwa likiwachekesha sana wanawake wa upakiaji. Maungio yale yalikuwa ya mkono wake, hakukuwa na ubishi. Lakini njano ya mistari miwili alikuwa ameisuka mara moja tu katika maisha yake, siku ambayo nyuzi za kiini za upande mmoja zilikatika na mashine ikaendelea kusuka ganda juu ya kiini pungufu kabla hajaizima. Aliripoti mwenyewe. Msimamizi alimshukuru mbele ya watu, akasema roli lile lote la kamba litakatwa vipande liwe kamba za kufungia mizigo.

"Mbona umeduwaa?" Buibui aliuliza.

"Hii kamba usiitumie kwanza."

"Kwa nini?"

"Nataka nikaulize jambo kazini. Tumia ile ya zamani, siku moja tu."

"Ile ya zamani imeota manyoya, wewe mwenyewe ulinikataza. Ina nini hii?"

Mashoto aliirudisha kamba sakafuni. Angesema nini? Kwamba aliyoyasema kwa mbwembwe huenda si kweli, na kwamba wanaume wanne waliyaamini? Isitoshe, hakuwa na hakika. Labda walisuka njano nyingine, labda kuna shoto mwingine kwenye zamu asiyoijua. "Sijui," alisema. "Nataka niulize tu."

Buibui aliinama akaanza kuikusanya kamba yake, na furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Naijua hii," alisema. "Toka mwaka jana unataka nishuke huko juu nikauze vocha za simu barazani. Juzi ilikuwa upepo. Kabla ya hapo ulikuwa umeota ndoto. Leo kamba. Sema tu hutaki, mama watoto, usizunguke."

"Hapo kaka hajakosea," wifi alisema, macho kwenye mboga zake. "Lakini na mimi nina swali langu. Mtu aliyekuwa anazisifu jana, leo anazikataa. Nani kamwambia nini?"

"Wifi, nakuomba."

"Nimeuliza tu."

Hatimaye Buibui aliahidi, kwa sauti ya mtu anayeahidi ili aachwe ale. Na asubuhi, Mashoto alipovuta mlango kwenda kazini, aliikuta kamba ya zamani ikining'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Mumewe alikuwa ameshaondoka na ile ya njano. Alijituliza mwenyewe: kwanza ajue. Hawezi kwenda kumwaibisha mume mbele ya wenzake kwa sababu ya kijivimbe.

*

Pale kiwandani simu ziliachwa getini kwenye kisanduku, eti kwa usalama. Wafanyakazi walijua ni kwa sababu ya picha: tajiri mwenye kiwanda hakutaka mtu apige picha Tai na Swala zimelala kwenye meza moja. Mashoto aliacha yake, akavaa aproni, lakini badala ya kwenda kwenye mashine yake alipita moja kwa moja upande wa upakiaji, alikokaa Dada Lebo.

Dada Lebo alikuwa mwanamke mnene, mpole, na kazi yake ilikuwa kuvisha kamba lebo na plastiki. Mbele yake alikuwa na makasha mawili ya lebo, na alichovya mkono huku au kule kulingana na alivyoambiwa. Alipomwona Mashoto aliacha kuimba.

"Dada, lile roli la njano lililoharibika kwangu. Lilikwenda wapi?"

"Roli gani?"

"La mistari miwili. Msimamizi alisema linakatwa."

"Kama alisema linakatwa, lilikatwa." Dada Lebo alichukua lebo akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo. Wasichana wawili wa meza ya pili walitazamana, kisha wakainamisha vichwa kama waliochapwa. Mashoto aliziona zile nyuso na kuzitambua. Ndizo nyuso alizozikuta kila alipoingia chumba cha chai mazungumzo yakakatika. Siku zote alidhani ni wivu, kwa sababu msimamizi alimpa mashine ya dirishani.

"Jana mume wangu kaja na kamba ya Swala nyumbani," alisema polepole. "Ina maungio yangu."

Mkono wa Dada Lebo ulisimama juu ya makasha. "Mume wako yupi? Yule wa vioo?"

"Nina mwingine?"

"Kanunua Swala? Kwa nini anunue Swala?"

"Nilimwambia mimi. Si kamba ni moja?"

Dada Lebo alimtazama, na ule upole wote ukageuka kuwa kitu kingine, huruma iliyochanganyika na hasira. "Ni moja," alisema kwa sauti ya chini. "Ikitoka nzuri, ni moja, inakwenda Tai na inakwenda Swala. Ikitoka mbaya inakwenda Swala tu. Haitupwi hata futi moja. Hakuna mtu humu anayepeleka Swala nyumbani kwake, hata ya kuanikia nguo. Wewe hukujua?"

"Nijue wapi? Nani aliniambia?"

"Sisi tulidhani unajua. Tulidhani unajitia hamnazo ili utupime." Dada Lebo alishusha macho. "Ulipoharibikiwa na roli ukaenda kujishtaki mwenyewe, na ukashukuriwa hadharani. Nani anashukuriwa humu? Tukasema huyu ni sikio la bosi, mbele yake tufunge midomo. Nisamehe, mwenzangu. Mimi ndiye niliyelivisha."

Mashoto alitaka kukasirika na hakupata nafasi, kwa sababu msimamizi alikuwa ameshatokea nyuma yake, miwani juu ya paji la uso.

"Mashine yako inasubiri, dada."

"Roli la njano liliuzwa."

"Nani anakutuma kuniuliza?" Hakupandisha sauti, kamwe hakupandisha. Aliwatazama wasichana mmoja mmoja, akihesabu nani anaweza kuwa amesema. "Watu wa Tai? Au kuna gazeti?"

"Mume wangu yuko hewani kwenye kamba yake sasa hivi. Naomba nipige simu."

"Lile roli lilipimwa upya likaonekana halina neno. Kamba ni kamba. Kama una wasiwasi, andika, uache mezani kwangu, nitaliangalia. Kutoka saa ya kazi unajua utaratibu wake. Ukitoka bila ruhusa yangu, usihangaike kurudi."

Mashoto alikwenda getini hivyo hivyo, na aproni yake. Mlinzi akamwomba karatasi ya ruhusa ndipo ampe simu. Akamwambia hana. Mlinzi, ambaye jana yake tu alikuwa amemtania kuhusu mkono wake, akalifunika kisanduku kwa kiganja na kutazama pembeni. Mashoto aliiacha simu, akatoka akikimbia.

*

Jengo walilokuwa wakiliosha wiki ile lilikuwa la ofisi, vioo vitupu kutoka chini hadi juu, na mbele yake walikuwa wamezungusha utepe ili wapita njia wasidondokewe na maji. Mashoto aliinua shingo. Walikuwa wawili hewani, na hata kwa umbali ule alimjua wa kwake kwa namna alivyotanua magoti. Alikuwa nusu ya jengo, anafuta kioo kwa mkono mmoja na kutikisa mguu kama aliyekaa kwenye bembea. Kamba yake mpya alikuwa ameikata mbili, ya kushukia na ya akiba, zote za njano.

Mwajiri wao alikuwa chini kwenye kivuli, na kikombe cha chai mkononi. Vijana walimwita Bosi Povu kwa sababu ya sabuni, lakini si mbele yake. Mashoto alimweleza yote kwa pumzi moja. Bosi Povu alisikiliza hadi mwisho, akanywa chai.

"Kwa hiyo kamba uliyowauzia vijana wangu kwa mdomo wako, leo ni mbovu."

"Sikuuza. Nilisema."

"Na unataka nisimamishe kazi. Mwenye jengo ana wageni jioni. Unajua nani angefurahi nikishindwa kumaliza leo?" Alimkazia macho. "Kampuni ya mtaa wa pili imekupa nini?"

"Mzee, angalia aproni yangu. Nimekimbia kazi."

"Aproni hata mimi naweza kuvaa. Mama, rudi nyumbani. Wake wote wa vijana hawa wanakuja na ndoto zao. Ningewasikiliza, vioo vya mji huu vingekuwa na ukungu."

Nahodha, aliyekuwa mkubwa wa vijana na aliyebaki chini kuangalia ndoo, alimsogelea. "Shemeji, unasema kweli? Maana mimi ndiye nafuata kupanda." Lakini alisema kwa kunong'ona, na bosi alipogeuka, Nahodha alikimbilia ndoo zake.

Juu, Buibui alikuwa amemwona. Alisita, kitambaa mkononi. Mashoto alijua anachokifikiri, kwamba mke kamfuata kumtia aibu mbele ya watu. Buibui akakigeuzia uso kioo na kuanza kufuta kwa nguvu, na kila alipojirusha kamba iliruka nayo. Mashoto hakuweza kuvumilia tena. Alirudi kwa Bosi Povu, akajitupa chini mbele ya viatu vyake na kuangua kilio.

"Mama yake amefariki," alisema. "Nilikuwa sitaki kuisema hapa. Mama yake mzazi amefariki asubuhi hii."

Kikombe kilishuka. Kwa msiba, hata Bosi Povu alikuwa mtu. Aliwaita vijana kwenye redio, akasema Buibui ashuke, kuna habari za nyumbani.

"Asishuke," Mashoto alisema upesi. "Mvuteni juu. Mpandisheni taratibu."

"Aliye nusu ya jengo anashuka, mama. Havutwi kama ndoo." Shaka ikarudi machoni mwake. "Kwa nini avutwe?"

Mashoto alisimama na kumwangalia mumewe akishuka kwenye kamba ile ile aliyotaka kumtoa. Alishuka kwa haraka mno, bila kusimama kwenye ghorofa yoyote, maana aliyeambiwa kuna habari za nyumbani haangalii mwendo. Mashoto aliifuata kamba kwa macho, kila futi, akitafuta mahali ilipojikonda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwomba Mungu vidole vyake viwe vimemdanganya. Miguu ya Buibui iligusa sakafu. Kamba ilishika.

"Nani?" Buibui aliuliza. Alivuta mkanda wake bila kuufungua. "Ni nani?"

"Pole sana, kijana," Bosi Povu alisema. "Mama."

Buibui hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni, akaziba uso kwa kitambaa alichokuwa akifutia vioo. Mashoto alipiga magoti, akamfungua mkanda kwa mkono wake wa kushoto, akauweka mbali, na hapo tu akamwinamia sikioni.

"Mama yako mzima. Nimeongopa. Ilikuwa nikutoe kwenye hiyo kamba."

Buibui alimtazama kama asiyemjua. Uso ulipita kwenye furaha, ukatoka, ukaingia mahali ambapo Mashoto hakuwahi kumwona. "Umemuua mama yangu," alisema. "Mbele za watu. Kwa sababu ya kamba."

"Nipe kisu."

"Nikupe kisu, wewe?"

Nahodha ndiye aliyempa. Kamba ilipofunguliwa kule juu, Mashoto aliivuta chini, akaipitisha kwenye vidole mpaka akalipata ungio lake, akapima hatua moja mbele, akakata. Buibui alitoa sauti kama aliyekatwa mwenyewe, maana ilikuwa kamba mpya. Mashoto akalivua ganda la njano na kuzitandaza nyuzi nyeupe za kiini sakafuni. "Kila moja ina mwenzake," aliwaambia. "Moja imesokotwa kulia, moja kushoto, ili mtu asizunguke hewani. Zipangeni wenyewe."

Vijana walichuchumaa wakazipanga. Nahodha alizipitia mara mbili, mdomo unacheza. Kulikuwa na nyuzi za kulia ambazo hazikuwa na wenzao kabisa. Mahali pao palikuwa patupu, ganda limejibana tu juu ya uwazi. Yule mwingine aliyekuwa hewani aliitwa ashuke, na wote wakamtazama mpaka naye akafika. Nahodha akaenda kwenye begi lake, akaitoa kamba yake ya njano, akaitupa chini.

"Si ulisema ni moja, shemeji," alisema. Hakuwa na hasira. Ndicho kilichomuumiza Mashoto zaidi.

"Nilisema."

*

Bosi Povu hakuomba radhi, lakini hakupoteza muda pia. Alimtuma dereva dukani, na kabla jua halijageuka upande wa pili wa jengo, gari lilirudi na kamba mpya ndani ya plastiki, kila moja na picha ya Tai. Aliwapimia vijana kwa macho. "Hizi mtalipa kidogo kidogo," alisema. "Sasa hakuna kisingizio. Wageni wanakuja jioni."

Vijana hawakuzigusa. Wote walimgeukia Mashoto, hata yule ambaye asubuhi hakumsalimia.

"Shemeji," Nahodha alisema, "hizi je?"

Mashoto aliichukua moja. Ilikuwa ya buluu. Aliipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka ncha hadi ncha, akaigeuza kwenye mwanga, akaikunja na kuikunjua. Ilikuwa laini, imekazwa vizuri. Jana angewaambia mambo mengi.

"Sijui," alisema.

"Umefanya pale miaka yote hiyo."

"Nje naijua. Ndani sijui. Sijui tena."

"Mmemsikia, hajui," Bosi Povu alisema. "Haya, juu."

Walisimama kidogo, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kukataa. Kisha Nahodha akachana plastiki. Buibui naye akainama, akachukua ya kwake, akaanza kuikunja begani.

"Usipande leo," Mashoto alimwambia. "Nakuomba, baba watoto."

"Kazi yako umeiacha getini. Na mimi nisipande, tutakula nini?" Hakumtazama. Aliikaza kamba, akakagua pingu za mkanda, zile ndoano za chuma, moja baada ya nyingine, mara nyingi kuliko alivyozoea. "Unajua nilipokuwa nashuka nilifikiria nini? Kwamba sijampigia mama wiki mbili. Nitampigia nikishuka."

"Mpigie sasa," Mashoto alisema.

Buibui alisimama na kamba begani, akamtazama mkewe. Kisha akaitua chini na kutoa simu mfukoni.